Udongo wa Kwa Kaijage

Usiku wa kuamkia leo nililala na simu kifuani, nikisubiri habari za baba. Binti yangu Noela ndiye aliyekuwa naye hospitali. Simu ilipoita karibu na alfajiri, nilimsikia analia tu, nikajua.

Baba alikuwa Mhaya wa Muleba. Alipofika hapa Igogo, mlima wetu ulikuwa mawe na vichaka. Alishuka melini na miche ya migomba kwenye gunia, akaipanda palipokuwa na udongo kati ya majabali, akajenga. Watu wakaanza kuelekezana: pita kwenye migomba ya Kaijage. Baadaye neno migomba likaachwa, likabaki jina. Kwa Kaijage. Likashika kituo cha magari, likashika duka la dawa, likapanda mlima hadi kukawa na Kaijage Juu na Kaijage Chini, kwa watu ambao hawakuwahi kumwona.

Siku moja garini alimwambia kondakta, "Kijana, Kaijage mwenyewe ndiye mimi."

"Na mimi ndiye Buzuruga," kondakta akajibu kwa jina la kituo kingine. "Toa nauli, mzee."

Alicheka mpaka nyumbani.

Kwetu mtu huzikwa kibanjani, kwenye migomba yake. Mama alizikwa humo. Lakini baba hakujua kumnyima mtu mahali pa kukaa. Kila aliyekuja na mke na godoro alikatiwa kipande, mwingine kwa fedha, mwingine kwa ahsante. Cha mwisho, chenye migomba mitatu na kaburi la mama, alimuuzia Malimi, fundi seremala, wakikubaliana kwa mdomo kwamba baba naye atazikwa hapo. Sisi tukabaki na vyumba viwili juu ya jabali. Hata mchicha hauoti.

Juzi nilimfuata Malimi. Ameshazungushia ukuta na geti.

"Dada Bernadetta, mzee anapumua, wewe unamchimbia?"

"Nakukumbusha tu, kaka. Mliahidiana."

"Nyumba naiuza. Hilo kaburi moja limeshafukuza wanunuzi watatu. Yakiwa mawili?"

"Basi twende hospitali ukamwambie mwenyewe."

Akaangalia chini. "Tutaongea."

Jioni ile Noela akapiga. "Mama, babu anauliza kama Malimi ameshapunguza migomba, wasije wakakata mizizi wakati wa kuchimba."

"Mwambie ndiyo," nikasema.

Sasa baba amekufa. Asubuhi nilikwenda kugonga. Mchana nikarudi. Jioni nilisikia redio ndani, nilipogonga, ikazimwa.

"Kaka Malimi! Shemeji!"

Juu ya ukuta majani ya migomba ya baba yalikuwa yanapigwa na upepo wa ziwani.

Simu ikaita. Ni baba mdogo Projest kutoka Muleba, ambaye mara ya mwisho alikuja kwenye msiba wa mama.

"Pole, mwanangu. Tumeshuka Kwa Kaijage. Pamejengwa, pamenipotea kabisa. Tuko wengi, na majembe tunayo. Tupite wapi?"

Niligonga tena, kwa ngumi zote mbili. Geti halikufunguka.