Fizio aliniambia nifanye kazi ya misuli, nikaenda kusokota matamvua

Wakuu, asalaam aleikum, na wale wa salamu nyingine hamjambo nyote.

Kwanza mnisamehe makosa ya herufi. Shule niliishia la nane na kuandika kwangu ni polepole, kila herufi naitafuta. Afadhali hii ni simu, maana mwandiko wangu wa mkono hata mimi hunishinda kuusoma.

Lakini haya yamenipata mwenyewe. Sijatia chumvi.

Mimi ni kijana wa Mji wa Kale. Kazi yangu ni kusokota matamvua ya misuli, zile nyuzi zinazoning'inia kwenye pindo. Kwa ndugu zetu wa bara: huku kwetu msuli ni nguo, ile ya wanaume ya kujifunga kiunoni. Na msuli pia ni nyama ya mwili, ile ya nguvu. Neno moja, vitu viwili. Shikeni hapo, maana ndipo nilipopotea.

Naishi na nyanya yangu ghorofa ya juu. Ngazi za nyumba yetu zimesimama kama ukuta, na magoti yake yamemkatalia. Kila Jumapili jioni mimi humbeba mgongoni nikamshusha, tukaenda pwani pale Mama Ngina akala mihogo na kutazama watu. Ndiyo starehe iliyombakia.

Sasa, nikaanguka kwenye mteremko wa Feri, watu wakikimbilia kivuko. Mguu ukavunjika chini ya goti. Nikatiwa plasta.

Siku ilipotolewa nilitaka kulia. Shavu la mguu halikuwepo. Ngozi na mfupa tu.

Nyanya akautazama. "Huo mguu, ama mwiko wa pilau?"

Akacheka, kisha akageukia dirishani. Nilijua anawaza ngazi.

Hospitali nikapelekwa kwa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, dada mmoja wa bara, mchangamfu lakini foleni ilikuwa ndefu. Mimi nina haya, mbele ya daktari sauti hunipotea.

"Unafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Kazi ya misuli."

"Vizuri sana! Mfupa umeshika. Basi rudi kwenye hiyo kazi ya misuli, kila siku, asubuhi na jioni. Usiogope."

Nikashukuru, nikatoka. Nilifurahi jamani. Dawa yangu ni kazi yangu!

Nikatii. Asubuhi na jioni nimekaa mkekani, mguu juu ya mto, nasokota matamvua mpaka vidole vikachubuka. Mwenye duka kule Ndia Kuu akashangaa, misuli inamjia kwa marundo.

Jirani yetu Swaleh, ambaye huenda jimu, naye akanishauri. "Kula protini, yakhe. Mayai! Maharagwe!"

Nikala mayai asubuhi, nikala mayai jioni. Nyanya akaniambia, "Wewe utataga."

Mguu ule ule.

Nikaanza kuamini umekufa. Nyanya hakutaja tena Mama Ngina. Siku moja nikamsikia akimwambia mama yake Swaleh, "Mimi nishazoea dirisha." Maneno hayo yaliniuma kuliko mfupa.

Nikarudi kwa fizio. Akaushika mguu, akakunja uso.

"Hukufanya nilichokwambia."

"Nimefanya, wallahi. Mpaka vidole vimechubuka."

"Vidole?"

Nikatoa msuli mfukoni, nikamwonyesha matamvua. Akautazama, akanitazama. Nilipomweleza, akakaa chini akacheka mpaka akavua miwani.

"Nisamehe ndugu yangu. Mimi nilidhani wewe ni hamali, mbeba mizigo!"

Na mimi nikacheka. Nadhani kicheko ndicho kilichonipa nguvu ya kuuliza. "Sasa, mguu umekufa?"

"Haujafa. Nyuzi za msuli wako zimesinyaa tu."

Nikamwomba anieleze. Akasema tulipokuwa tumboni mwa mama, msuli ulianza kama seli ndogo ndogo, kila moja peke yake. Seli za jirani zikatoa protini za kupeleka habari. Protini hizo zikaziambia: nyinyi mtakuwa msuli. Kisha: acheni kuongezeka, jipangeni, unganeni. Zikaungana, zikawa uzi mmoja mrefu.

Nikasema moyoni, haya ni matamvua! Mimi pia nachukua nyuzi nyingi, nazisokota ziwe moja.

"Lakini nyingine hazikuungana," akasema. "Ziko hapo kando ya uzi, zimelala. Ukiufanyisha msuli kazi, habari zinatoka tena. Nyuzi zinaanza kunenepa, na hizo zilizolala zikihitajika huamshwa, zinaongezeka, zinajiunga. Tena kuna protini nyingine kazi yake kusema basi, imetosha, ndiyo maana msuli haukui mpaka ukapasua ngozi."

"Na mayai yangu?"

"Mayai ni protini ya kujengea. Kula tu. Lakini mguu ukilala mtoni, nani apeleke habari?"

Akamaanisha mtoni, juu ya mto wa kulalia. Nikachelea kuuliza, kisha nikauliza. Sikutaka kupotea tena nikaishia kuutia mguu majini! Alicheka upya.

Basi akanifundisha kusimama kwa ncha za vidole nimeshika ukuta. Nyumbani nikashika mbao za ngazi. Mwanzo mguu ulitetemeka kama jani. Nyanya akakaa juu akinihesabia, akichoka kuhesabu ananitukana.

Polepole, shavu likaanza kurudi. Siku nilipoliona limejaa kidogo nilikaa ngazini nikahema tu, kama mtu aliyetua mzigo.

Fizio aliponiruhusu kubeba, nilimbeba nyanya. Kila ngazi aliniambia, "Taratibu wewe, usinivunje na mimi." Tulipofika chini, kabla hata hajashika mkongojo, akainama akalibonyeza shavu la mguu.

"Alhamdulillahi. Mwiko umekuwa mguu."

Jioni ile alikula mihogo yake na yangu.

Wakuu, nililojifunza ni dogo. Neno la daktari usipolielewa, na hata ukidhani umelielewa, liulizie. Haya zangu zilikaribia kumfungia nyanya juu.

Aliyewahi kutolewa plasta akaogopa mguu wake kama mimi, aniandikie. Na kama kuna neno lililokupoteza, liandike nicheke na mimi. Hata mstari mmoja. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.