Mama Dokta

Kwetu Goma mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake, na mtoto akipanda cheo mzazi naye hupanda. Siku niliyoondoka kwenda Kisangani kusomea udaktari, mama yangu akawa Mama Dokta. Hata muuza makaa alimwita hivyo.

Mwaka wa kwanza nilianguka mtihani. Nikarudia, nikaanguka tena. Miaka minne iliyofuata nilibeba magunia ya saruji bandarini, mtoni, na kila nikituma habari nyumbani nilisema niko hospitalini. Nilikuwa mwongo mwenye bidii. Niliporudi nilivaa koti jeupe la mitumba. Mama akalifua siku hiyohiyo, akalianika upande wa barabara ili avenyu nzima ilione.

Nilipanga kumwambia ukweli Jumapili, baada ya misa. Ijumaa asubuhi watu wa Kalengera na Rumangabo walikuwa wakiteremka barabarani wakikimbia vita, magodoro kichwani, mbuzi kwenye kamba. Mdogo wangu wa kike alitoka na ndoo kuwapa maji. Bomu la kwanza liliangukia upande wa Munigi. La pili liliangukia barabara yetu.

Nilipotoka niliona kiatu chenye mguu ndani. Hakikuwa cha mdogo wangu. Mbuzi alikuwa amepasuka, utumbo umetapakaa juu ya mawe meusi, na mwenye mbuzi bado anavuta kamba.

Mwenye chukudu mmoja, ile baiskeli ya mbao tunayobebea mizigo, alikuwa amemwaga viazi vyake na kumlaza dada yangu huyo juu ya chukudu. Paja lake lilikuwa wazi mpaka mfupa. Hospitali haikuwa mbali, na njia yote ni mteremko. Mama akasimama mbele ya gurudumu.

"Unamupeleka wapi? Dokta iko hapa kwangu."

Wakamlaza sebuleni. Chukudu ikaondoka na majeruhi mwingine. Nilifunga mkanda wangu juu ya jeraha, ukateleza, nikafunga tena, damu ikanijaa mpaka viwikoni. Dada yangu aliniomba nisimkate mguu. Aliniamini, mpumbavu wangu mpenzi, na hapo nikashindwa kuvumilia.

"Mama, miye siko dokta. Nilianguka masomo. Nilikuwa nabeba saruji."

Alinizaba kofi, kisha la pili. Yeye na wanawake waliojaa mlangoni walidhani ni woga unaosema.

"Shona, mutoto wangu," akasema, akinipa sindano yake ya nguo.

Nilimsukuma, akaanguka juu ya viti. Nikambeba dada yangu mgongoni na kukimbia. Njiani mikono yake iliniachia shingo. Langoni mwa hospitali muuguzi alimgusa, akatazama koti langu lililolowa damu, akaniuliza kwa heshima kwa nini mimi, dokta, nilikawia naye nyumbani.

Kwenye matanga wanawake walimfariji mama kwa neno moja: kama Dokta mwenyewe alikuwepo akashindwa, basi siku ya binti yake ilikuwa imefika. Mama alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Siku hiyo akala chakula kwa mara ya kwanza.

Najichukia, nalisema wazi. Lakini nikimfanya aamini ukweli leo, atajua pia kwamba chukudu ilikuwa mlangoni na yeye ndiye aliyeisimamisha. Basi bado anaitwa Mama Dokta, na mimi nikiitwa Dokta naitika.