Pilato Aliyevaa Pazia Letu

Nakumbuka Ijumaa Kuu moja, mwanangu, miaka ya elfu mbili na kitu, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na akili za mtoto wa kumi. Usicheke. Mvi hizi hazikuota siku moja, na kila moja ina sababu yake. Hii ya mbele kabisa ni ya siku hiyo.

Tuliishi Kangemi. Baba alikuwa fundi wa mbao kando ya barabara, akitengeneza vitanda na milango. Kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba wake, hakuna aliyemwita kwa jina alilobatizwa nalo. Kuanzia wateja hadi padri, wote walimwita Baba Nekesa, na Nekesa ndiye mimi. Karakana yake ilikuwa pia kama posta ndogo. Nilipokuwa darasa la sita, majirani wasiojua kuandika walikuja niwaandikie barua za kupeleka kwao magharibi, nami nikiwa nimekaa juu ya rundo la mbao nikajua siri za nusu ya mtaa. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Jioni nilisoma katika chuo kimoja mjini, orofa ya tatu juu ya duka la viatu. Muhula ule tulikuwa tukijifunza jinsi tamthilia na riwaya zilivyozaliwa na kukua kule Uingereza. Nililipenda somo hilo, sikufichi. Ila kadiri nilivyolipenda ndivyo nilivyojiona nimekuwa mtu wa namna nyingine. Wenzangu waliponiuliza nakaa wapi, nilijibu, "Upande ule wa Mountain View." Mtaa huo ulikuwa jirani yetu, kwa hiyo nilijiambia kwamba sikudanganya. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kweli, kuvuka barabara tu.

Basi Ijumaa Kuu hiyo rafiki yangu Wambui, ambaye kwao hasa ndiko Mountain View, alinialika tuandike insha pamoja. Tulitakiwa kueleza mwanzo wa tamthilia ya Kiingereza. Tulikaa kwenye roshani ya nyumba yao, vitabu vimetuzunguka, chai ya maziwa mezani. Nilikuwa nimejaza kurasa tatu za maneno makubwa niliyoyanakili, mengine sikuyaelewa hata mimi.

Mara tukasikia nyimbo. Ilikuwa Njia ya Msalaba. Kila mwaka waumini wa kanisa letu waliipita mitaa wakiigiza mateso ya Bwana, na kila jumuiya ilipewa kituo chake. Jumuiya ya baba ilipewa hukumu ya Pilato, na Pilato alikuwa baba, kwa sababu ya sauti yake. Mwaka huo walianzia Mountain View ili waishie kanisani Kangemi. Ningalijua kama ningaliuliza nyumbani, lakini siku hizo sikuwa nauliza mambo ya nyumbani.

Wakasimama chini ya roshani yetu hasa. Baba alipanda juu ya mkokoteni wake wa kubebea mbao ili watu wamwone. Alikuwa amejifunga pazia la mlangoni mwetu, lile la maua ya kahawia, na pete zake bado zikining'inia na kulia kila alipoinua mkono. Akanawa katika beseni ya buluu ya kufulia. Kisha akafanya jambo alilolibuni mwenyewe miaka mingi nyuma, ambalo hakuna padri aliyemfunza. Alimwonyesha kidole kijana aliyeigiza Yesu, akawageukia watazamaji wa kila upande akiuliza, "Mnamjua mtu huyu?" Na watu hujibu, "Tunamjua!" Aliuliza kulia, akauliza kushoto, kisha akainua uso akauliza juu.

Akaniona.

"Na nyinyi wa huko juu," akasema, sauti imepungua kidogo, "mnamjua mtu huyu?"

Wambui alicheka mpaka akashika ukuta. "Cheki huyo mzee, amevaa kateni!" akaniambia. Nami nikacheka, mwanangu. Kisha nikaliinamia daftari langu. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka kwenye umati, "Endelea, Baba Nekesa!"

Wambui akanigeukia. "Nekesa? Si hiyo ni jina yako?"

"Majina hufanana," nikasema.

Jioni nilirudi nyumbani, pazia limekwisha kurudishwa mlangoni. Baba alinisogezea sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, akaniuliza kama masomo yanaendelea vizuri. Mwanangu, kuna viboko vinavyouma kuliko fimbo, na kimoja ni githeri ya moto kutoka kwa mtu uliyemkana.

Jumanne tulipeleka insha. Mwalimu wetu, mama mmoja mtulivu aitwaye Muthoni, alizipitia haraka, akaziweka kando, akaanza kutusimulia. Alisema tamthilia ya Waingereza haikuanzia kwenye kumbi wala kwa malkia. Ilianzia kanisani wakati wa Pasaka, kwa Kilatini, kisha ikatoka nje hadi barabarani na kuingia katika lugha ya watu. Vyama vya mafundi vikagawana hadithi za Biblia. Wajenzi wa meli waliigiza safina, waokaji mikate wakaigiza karamu ya mwisho. Walicheza juu ya magari ya kukokotwa, kituo hadi kituo, kwa mavazi waliyoazima majumbani. Kumbi za kulipia zilikuja baadaye, na watu wa dini kali waliozifunga wakaja baadaye zaidi. Na riwaya je? Akatabasamu. Mchapishaji mmoja, alisema, alikuwa akitunga barua za mfano kwa ajili ya watu wasiojua kuandika barua vizuri, na kutoka kwenye barua hizo kikazaliwa kisa kizima cha msichana wa kazi.

Mkokoteni, vituo, pazia, barua za majirani. Nyumba yetu ya Kangemi ilikuwa imebeba somo zima, na mimi nilikuwa nimevuka barabara kwenda kulitafuta.

"Kuna aliyewahi kuona kitu cha namna hiyo kwa macho yake?" mwalimu akauliza.

Wambui akaniangalia, akikumbuka mzee wa kateni. Nami nikanyamaza. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kumkana, na wewe unayesoma Biblia unajua hesabu hiyo.

Sikungoja somo liishe. Nilimkuta baba karakanani akipiga randa. Nikasimama mlangoni nikalia, nikamweleza yote, ya roshani na ya darasani, hata ile ya majina kufanana. Alimaliza ubao aliokuwa nao kwanza. Hakuwa mtu wa kuacha ubao nusu.

"Nilikuona," akasema. "Nikauliza kwa sababu nilidhani utanijibu. Kunikataa si kitu, mimi ni mtu mzima. Lakini Nekesa, ninakulipia karo usome habari za maseremala wa Uingereza waliokufa zamani, na huyu aliye hai humsalimii?"

Kisha akaniambia nishike upande wa pili wa ubao, tukafanya kazi.

Niliichana insha ile nikaandika nyingine. Safari hii niliandika juu ya pete za pazia, na jinsi watazamaji wanavyogeuzwa kuwa wachezaji kwa swali moja, kisha nikarudi kwa mafundi wa kale nikawaelewa. Mwalimu Muthoni aliandika chini yake kwamba mwaka unaofuata angependa kuja kuona.

Alikuja kweli, na Wambui akaja. Tulisimama chini barabarani, vumbi miguuni. Pilato alipanda mkokoteni, akanawa, akauliza upande wetu kama tunamjua mtu yule, nami nikajibu kwa sauti iliyowashtua waliokuwa mbele yangu. Wambui akaninong'oneza, "Kwani unamjua huyo Pilato pia?"

"Ni Baba Nekesa," nikamwambia. "Nekesa ndiye mimi."

Mwanangu, ndiyo maana nakwambia: soma. Soma ya Uingereza, ya Uchina, ya kokote, usiache hata ukurasa. Lakini ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na waliounda walikuwa na sugu mikononi kama hao wa kwenu. Elimu ikikufanya umwonee haya aliyekulipia karo, hujasoma bado, umenakili tu. Mkataa kwao ni mtumwa, hata akiwa na shahada tatu. Nami nilipona kwa sababu baba alikuwa bado yuko karakanani niliporudi. Wengine hurudi wakakuta mlango umefungwa.

Baba alipumzika miaka kadhaa iliyopita. Lile pazia linaning'inia kwangu, na upepo ukivuma zile pete zinalia. Mungu akujalie masikio ya kuzisikia za kwenu mapema, akufungulie kila mlango utakaobisha, na siku utakapoulizwa mbele za watu kama unawajua watu wako, akupe sauti ya kujibu.