Gari Lililoingia Sebuleni kwa Baba Sabina

Wanaonipenda husema ilikuwa bahati mbaya. Wasionipenda, ambao ndio wengi, wanapita dukani kwangu na kuniuliza kama betri imejaa. Basi nianze na aibu yenyewe, mcheke mmalize: mimi, mtu mzima mwenye duka la vipuri vya pikipiki hapa Sumbawanga mjini, niliingia kwa baba wa binti ninayemposa bila kualikwa, huku nafukuza gari la kuchezea, na rimoti mkononi nimeizima mwenyewe.

Aliyeniingiza humo ni Deo, kaka yake Sabina (Sabina ndiye mchumba). Deo na wenzake wana magari ya rimoti, na kila Jumamosi wanashindana kwenye uwanja wa vumbi waliouchonga wenyewe na kupanga matairi mabovu kwenye kona. Nikaona hapo pana njia rahisi ya kuzoeana na shemeji, nikaagiza la kwangu kutoka Dar, jekundu, lina kasi ya kutisha. Deo akanionya.

"Shem, anza taratibu. Likienda mbele yako, kila mtu ni dereva. Kazi ni likigeuka kukufuata, hapo kulia kwako ndiyo kushoto kwake. Na ukimaliza, zima gari kwanza, ndiyo uzime rimoti."

"Mshikaji," nikamjibu, "mimi nimeleta Fuso kutoka Mbeya mpaka hapa kwenye ukungu, mzigo umejaa. Hiki kidude kitanifundisha nini?"

Wiki ya kwanza niligonga matairi yote ya uwanja ule pamoja na muundi wa Deo, nikasema usukani una kasoro.

Sasa posa. Barua ilishafika kijijini Mpui kwa Baba Sabina, na Jumapili moja mshenga wangu, Mzee Ambokile, aliitwa kusikiliza jibu. Utaratibu mnaujua: mposaji haendi, anabaki kwake kimya, wakubwa wanaongea. Mzee Ambokile alinisisitizia hilo kana kwamba naenda kuhukumiwa. Lakini Deo akaniambia nyuma ya nyumba yao kuna shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, limekauka, pamenyooka, na wazee watakuwa sebuleni upande wa mbele, nani atatuona? Nikajiuliza, nibaki mjini nikitafuna kucha, au nifanye mazoezi karibu na jibu langu? (Ningetafuna kucha, jamani. Ningetafuna hata vidole.) Nikatia gari kwenye kiroba, nikapanda pikipiki, nikaenda.

Upepo wa Ufipa mwezi ule hauna utani, nimevaa sweta mbili na bado natetemeka. Uani, shangazi yake Sabina alikuwa anapepeta ulezi, na mwingine mwingi ulikuwa umeanikwa kwenye turubai. Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi, na sauti ya Mzee Ambokile ikatufikia hadi shambani.

"Kijana wetu ametulia. Hana pombe, hana makundi, hana mambo ya kitoto."

Nilifurahi mno. Nilifurahi hadi kidole kikaongeza mafuta chenyewe. Gari likaruka kama limetumwa, likafika mwisho wa shamba, nikaligeuza vizuri kabisa, likaanza kunifuata, nikakata kulia likaenda kushoto, nikakata kulia zaidi likaenda kushoto zaidi, na kushoto ndiko kwenye ulezi.

"Achia! Achia mafuta!" Deo akapiga kelele.

Mimi kwa akili zangu za Fuso nikaona dawa ya chombo kilichokushinda ni kukizima. Nikazima rimoti. Kumbe lile gari likikosa rimoti linashika amri ya mwisho uliyolipa, na yangu ya mwisho ilikuwa kasi yote. Likapanda turubai, likarusha ulezi hewani, shangazi akaruka na ungo wake.

Na hapa ndipo ninapoona haya kuliko pengine pote, maana nimeishi hapa miaka na ninajua wenzangu wa Mbeya wanavyopenda kuisema Sumbawanga kwa uchawi. Nilipiga kelele: "Mama, usiogope! Si uchawi! Ni rimoti!"

"Nani kakwambia naogopa?" shangazi akanijibu, anafuta vumbi usoni. "Deo anayo hayo. Ila yeye anajua kuendesha."

Gari likaingia mlango wa nyuma, likapita ukumbini, nami nyuma yake nimeinama, naita "simama, simama" kama linasikia. Sebuleni likagonga mguu wa meza, likapinduka, magurudumu yakaendelea kuzunguka na kumtemea Mzee Ambokile ulezi kwenye suruali ya suti.

Baba Sabina akaangalia gari, akaniangalia mimi, akaangalia rimoti.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba." Akamgeukia mshenga. "Mzee mwenzangu, huyu ni nani?"

Mzee Ambokile akapangusa suruali taratibu. "Huyu," akasema, "ni jirani."

Deo naye akatokea mlangoni anahema. "Shem! Umezima rimoti kabla ya gari!"

Sabina akaja kutoka jikoni, akaokota gari, akabonyeza swichi ya chini kwa kidole gumba. Mabega yalikuwa yanamtikisika, nikaomba iwe analia. Alikuwa anacheka.

"Jibu lilikuwa tayari," Baba Sabina akasema. "Sasa nalirudisha ndani. Mrudi akishakua."

Gari akaliweka juu ya kabati la vyombo. Mimi niliokota ulezi mpaka jua likazama, shangazi akinionyesha kila punje iliyobaki kwenye nyufa. Tukirudi, Mzee Ambokile nimempakia kwenye pikipiki, aliongea mara moja tu, tulipoona taa za mjini. "Hana mambo ya kitoto," akasema, basi.

Inauma, nisiwadanganye. Nampenda yule binti, na posa yangu imelala Mpui mpaka leo. Niliapa kwamba mshenga akienda kunisemea mimi nabaki dukani, mikono juu ya meza, hata redio siwashi. Wiki iliyopita alikwenda tena, nikabaki hivyo hivyo, akarudi, nikamuuliza amejibiwa nini kwa Baba Sabina.

"Hajakubali, hajakataa," akasema Mzee Ambokile. "Ameuliza tu betri ya lile gari inachajiwaje."

Chaja nimempa Deo aipeleke. Mimi mwenyewe siendi.