Kornel na Kindi wa Kwihara

Mwaka 1954 bwana shamba mmoja Mzungu alirudi kwao, akamwachia Kornel kamera yake iwe zawadi ya kwaheri. Kornel alikuwa mpimaji wa nta katika ghala moja la Tabora mjini, mtu wa kunyoosha suruali hata siku ya kupalilia. Tangu hapo alijihesabu mpiga picha. Watu hakutaka kuwapiga kwa sababu, alisema, hawatulii. Alitaka ndege.

Nyuma ya nyumba yake, pale Kwihara, alisimika nguzo, akapigilia ubao juu yake na kumwaga mtama. Asubuhi ya kwanza walikuja chiriku. Ya pili walikuja kindi, nao hawakuwa na desturi ya kuonja tu wakaaga. Kornel akaipaka nguzo grisi. Kindi wakapanda paa la jiko, wakarukia ubao kutoka huko. Akaihamisha nguzo mbali na jiko. Wakapita juu ya kamba ya kuanikia nguo, ambayo mkewe Apolinaria alikataa katakata iondolewe.

"Nguo nianike wapi, Baba Alois? Kwenye mabawa ya ndege wako?"

Shida nyingine ilikuwa vumbi. Ndani ya kitundu cha kuchungulia cha kamera, karibu na katikati, palikuwa na chembe nyeusi kama punje ya ulezi. Kornel alipuliza, akafuta kwa leso, akaitikisa kamera mpaka ikalia kama kayamba. Chembe haikubanduka. Kwa kuwa alikuwa mtu makini, akabuni njia yake: kila alipopiga picha, aliisogeza kamera pembeni kidogo ili chembe isimwangukie ndege. Filamu zilikwenda Dar es Salaam kwa treni, na baada ya majuma kadhaa zikarudi picha safi kabisa za anga, na mkia wa chiriku ukingoni.

"Unaona? Vumbi nimelikwepa," alimwambia mkewe kwa fahari.

"Na ndege pia," alijibu Apolinaria.

Jumamosi moja Kornel alikuwa amejibanza nyuma ya kihenge tangu alfajiri. Ndege mmoja, mnana, alitua ubaoni. Kabla Kornel hajaisogeza kamera yake pembeni, kindi akatua pia, na mnana akaruka.

"Shika hii!" Alimtupia kamera mkewe, aliyekuwa akianika nguo, akanyakua fagio, akatimua mbio na fulana yake ya ndani.

Apolinaria hakuwahi kuruhusiwa kuigusa kamera ile. Alichungulia, akaiona chembe nyeusi, akaona haimhusu, akabonyeza.

Picha hiyo iliporudi, Kornel alikuwa katikati kabisa ya picha, fagio juu, kinywa wazi, akiikodolea macho kamba ya nguo. Nyuma yake, ubaoni, kindi wawili walikuwa wakila kwa utulivu, mmoja ameshika punje kwa mikono miwili kama mgeni wa arusi.

Kornel aliitazama kwa muda mrefu. Kilichomuuma hakikuwa kindi.

"Vumbi liko wapi?" aliuliza.

Jumatatu akampelekea kamera Mzee Shomari, fundi saa wa mjini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Kornel. Imekufa?"

Kornel alieleza. Mzee Shomari alichungulia, akatabasamu. "Vumbi limekaa hapa unapowekea jicho. Picha inaingia kwa mbele, kwenye lenzi. Chembe hii unaiona wewe tu."

"Mwaka mzima nimeikwepa!"

"Basi mwaka mzima umemkimbia asiyekufukuza."

Aliifungua, akaipangusa mara moja kwa ncha ya kitambaa, akaifunga.

Kornel alirudi na kamera isiyo na doa, lakini chiriku walikuwa wameshachoka kugombana na kindi, wamehamia kwa jirani. Kwa majuma mawili alikaa nyuma ya kihenge akiwangoja ndege kwenye ubao uliojaa kindi. Juma la tatu akaanza kuwapiga picha, kwa kupima mwanga tu, alisema.

Masika yaliyofuata alipanda matuta mawili ya karanga karibu na ile nguzo. Majirani walipouliza, alijibu kuwa ni za ndege. Walikuwa wakulima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona chiriku akichimbua karanga, lakini waliitikia kwa heshima, wakaenda zao.