Kidole cha Mwalimu wa Kikorni

Jumamosi asubuhi, kabla baa wanamosomea haijafunguliwa, mwalimu wa Kikorni, lugha iliyokufa zamani na sasa hufufuliwa kutoka vitabuni, huketi kwenye kiti kile kile karibu na jiko la kuni, kofia gotini, kidole cha shahada kikiwa tayari. Ni kidole kinene chenye kovu la patasi, na darasa zima linakiogopa. Ukitamka kitenzi ukasahau kulainisha herufi yake ya kwanza, kama k iwe g, kinagonga meza. "Lainisha, mpenzi wangu," husema kwa upole unaoudhi, na uwe daktari au tarishi, utarudia. Meraud, mmoja wa wanafunzi, amegongewa sana. Hata hivyo, tangu ajifungue hamsemeshi binti yake lugha nyingine ila Kikorni, na hofu yake ni kumrithisha makosa.

Leo mtoto huyo, aliyekuja na mama yake darasani, aliitamani skonzi ya zafarani ya mwalimu. Mama alipomvuta, akapiga mguu chini na kupaza sauti kwamba anaipenda hiyo, ila neno la kupenda akalitamka *kar*, gumu kama jiwe, badala ya *gar*. Kidole kikapanda.

"Nyumbani unamwambia hivyo?" mwalimu aliuliza.

"La, mwalimu!" Meraud alisema, uso ukimwaka. "Namwambia *gar* siku zote. Wallahi sijui kaitoa wapi hiyo!"

Kidole kikabaki hewani, kisha kikashuka na kuisukuma ile skonzi hadi kwa mtoto.

"Basi kaitunga mwenyewe," mwalimu alisema. "Mwacheni. Sisi tunakosea kwa kusahau kitabu. Huyu hajui hata kama kuna kitabu."