Kiti cha Baba Mkwe, Njia ya Matema

Niliondoka Mbeya kwenda Matema kwa sababu moja: baba mkwe wangu, Mzee Ambakisye, alitaka kumwona dada yake mkubwa kabla hajafumba macho. Walizaliwa saba, wamebaki wawili. Shangazi Tusajigwe aliolewa zamani kwa Wakisi wa mwambao wa ziwa, huko Matema, na sasa alikuwa kitandani, miguu imevimba, kila asubuhi anauliza kama mdogo wake amefika. Mdogo mtu anaishi Mbugani, Kyela mjini, na kutoka hapo hadi Matema si safari ya kumtisha mtu mzima. Kilichomzuia ni mgongo. Mwaka uliopita aliteleza shambani akiwa na gunia la kokoa begani, na tangu siku hiyo kiuno hakikumpa raha. Alishajaribu kwenda mara moja kwa basi dogo. Aliposhuka Ipinda hakuweza kusimama, akalala kwenye benchi la duka la watu, kisha akarudishwa nyumbani kwa bajaji.

Mume wangu yuko kazini mbali na ruhusa hakupata. Mimi ni dereva, nabeba wageni wa kukodi, na mwajiri wangu anajua kwamba sijawahi kumrudishia gari likiwa na mkwaruzo. Nilipomweleza habari za shangazi aliniazima kwa siku tatu lile gari lake la kifahari, ambalo viti vyake ni vya ngozi na hupanda, hushuka na kuinama kwa vitufe. Nilishukuru mpaka nikaona haya. Nilijua thamani ya viti vile, maana na mimi mgongo ulishaniadhibu. Baada ya miaka sita ya usukani nilifika mahali siwezi kuinama kuosha sufuria, na mtaalamu wa viungo aliyenitibu aliniambia kwamba gari halikuwa na kosa, kosa lilikuwa namna ninavyokaa. Alinifundisha kukaa upya kama mtoto anavyofundishwa kutembea.

Kabla sijaendelea, lazima niseme jambo moja, la sivyo msomaji wa mbali atatushangaa. Kwetu Unyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Mkamwana humwamkia baba akiwa amechuchumaa pembeni, macho chini. Hamshiki mkono, hali naye meza moja, wala hakalii kiti chake. Vijana wa mjini wanasema mila hiyo imekwisha. Kwa Mzee Ambakisye haikwisha, na sidhani kama niliwahi kumlaumu, kwa kuwa nami nililelewa hivyo hivyo Tukuyu. Katika miaka kumi na moja ya ndoa yangu hakuwahi kunitamkia neno moja kwa moja. Akitaka kuniambia kitu, humwambia wifi yangu Subilaga, hata kama nimesimama hatua tatu kutoka alipo.

Saa kumi na mbili asubuhi nilitoka Uyole, Mbeya, na ukungu mzito. Kiwira watu walikuwa bado wamejifunika mablanketi mabegani. Baada ya Tukuyu jua likachomoza juu ya mashamba ya chai, migomba ikawa minene, na kila nilivyoteremka hewa ilizidi kuwa na joto mpaka nikavua sweta nikiendesha. Nilipokaribia Kyela nilisikia ile harufu ya kokoa iliyovundikwa, chachu na tamu kwa pamoja, na nikajua nimefika ukweni.

Mbugani, saa nne kasoro, nilikuta uwanja umejaa. Akina mama wa kanisa walikuja kumsindikiza mzee kwa maombi, na walikuja na zawadi za kupamba safari yake: godoro jembamba la sponji, mito miwili, na vitambaa vya kufuma, vile vyeupe vinavyowekwa kwenye makochi siku ya sikukuu. Nikiwa nimechuchumaa kumwamkia mzee, nyuma yangu wakakivika kiti cha nyuma cha kushoto vitambaa, wakatandika godoro, wakapanga mito. Subilaga alikigundua kitufe kimoja akakibonyeza mpaka kiegemeo kikalala karibu sawa na kitanda. Wakapiga vigelegele. "Baba atasafiri amelala kama mfalme!" alisema mmoja wao.

Niliona kwamba ni makosa. Sponji juu ya ngozi huteleza, na mtu aliyelala nusu hivyo kiuno chake huning'inia hewani bila cha kukishika, kila shimo la barabara linakipiga. Lakini mkamwana gani ataanza kuvua vitambaa vya heshima mbele ya akina mama wa kanisa, tena kutoka kwenye kiti cha baba mkwe? Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba wao ndio wenye mzee wao. Ule ulikuwa woga nilioubatiza jina la adabu, na naandika hivi nikiwa na aibu nao.

Kutoka Kyela kwenda Ipinda barabara inapita katikati ya mashamba ya mpunga. Niliendesha polepole. Subilaga alikaa nyuma karibu na baba yake, akimsimulia habari za majirani. Mzee alijibu mwanzoni, kisha akaacha kujibu. Nilipotupa jicho kwenye kioo niliuona mkono wake umeng'ang'ania mshikio wa mlango, na alikuwa ameteleza mpaka kidevu kimekaribia kifua. Hakuguna hata mara moja. Angegunaje, na mkamwana anasikia?

Kilomita chache kabla ya Ipinda alimgusa binti yake. "Mwambie mwenzio asimamishe."

Nilisimamisha kando ya mpunga. Subilaga alimsaidia kushuka, naye mzee akabaki amejikunja, ameegemea mlango bila kuweza kujinyoosha. Jasho lilimtoka usoni ingawa kulikuwa na upepo. Alisimama hivyo muda mrefu akiutazama mlima ulio mbele yetu, ambao Matema iko chini yake.

"Subilaga, mwambie mwenzio turudi," alisema. "Dada ataniona mbinguni."

Subilaga akaanza kulia. Mimi nilisimama upande wa pili wa gari, na nadhani hapo ndipo woga uliponitoka, kwa sababu nilikasirika. Nilijikasirikia mimi. Mtu alikuwa anakwenda kumkosa dada yake kwa sababu ya godoro ambalo nililiona tangu mwanzo kuwa baya.

"Wifi," nilisema kwa sauti ili mzee asikie, "mwambie baba kiti kimepangwa vibaya, na kosa ni langu, niliona nikanyamaza. Mwambie tujaribu mara moja. Tukishindwa, nitageuza gari bila kusema neno."

Mzee aliutazama tena mlima. Kisha akasema, "Mwambie ajaribu."

Kupanga kiti cha mtu ni lazima ukikalie au umshike aliyekikalia, na yote mawili kwangu yalikuwa mwiko. Basi nilimwomba Subilaga atoe godoro, mito na vitambaa vyote aviweke kwenye buti. Nikawapa mgongo, nikautazama mpunga, nikawa natoa maelekezo kama mtu anayeuza dawa mnadani.

"Muulize baba kama ana kitu mfuko wa nyuma."

"Baba, una kitu mfuko wa nyuma?"

"Mwambie kipo kitabu cha nyimbo."

"Akitoe. Mtu akikalia kitu upande mmoja, kiuno kinakwenda mshazari. Sasa akae, makalio yaingie ndani kabisa mpaka yaguse kiegemeo."

Subilaga akabonyeza kitufe cha kuinua kiegemeo, au alidhani ndicho, na nikasikia kiti kinazidi kulala na mzee anasema kwa ukali, "Gwe Subilaga! Unanizika?" Nilijiuma mdomo nisicheke. Hata yeye Subilaga alicheka huku machozi hayajakauka. Alipata kitufe sahihi, kiti kikainuka. Nilimwambia asikisimamishe wima kama benchi la kanisani, akiache kilale kidogo tu, mabega ya mzee yapumzike bila yeye kujishikilia.

"Nyayo zimelala chini zote?"

"Mwambie vidole tu ndivyo vinagusa."

"Shusha kiti. Magoti yawe sawa na nyonga. Kisha pitisha vidole viwili nyuma ya goti, kati ya mguu na ukingo wa kiti. Vinapita?"

"Vinapita."

"Sasa kile kitufe cha mviringo. Hewa itajaa ndani ya kiegemeo. Muulize inamgusa wapi."

"Mwambie inasukuma mbavu," mzee alisema.

"Ishushe, wifi. Inatakiwa pale mkanda wa suruali unapopita. Taratibu."

Nilisikia kiti kinavuma kidogo, kinanyamaza, kinavuma tena. Kisha nikasikia mzee ameshusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Hakukuwa na haja ya tafsiri. Subilaga akapandisha mto wa kichwa ukafika usawa wa kisogo, akamfunga mkanda, tukaondoka.

Ipinda tulipita bila kusimama. Nilimwona kwenye kioo akiligeukia lile duka lenye benchi mpaka likapotea. Baada ya hapo nilisimama mara mbili, si kwa sababu alilalamika ila kwa sababu niliagizwa na yule mtaalamu kwamba hata kiti kizuri hakimfai mtu asiyeinuka, na kila mara mzee alishuka, akatembea hatua ishirini, akarudi.

Saa nane mchana tuliingia Matema. Ziwa lilikuwa tulivu na milima imesimama juu yake kama kawaida, na kando ya njia wanawake walikuwa wamepanga vyungu vilivyoletwa kwa mtumbwi kutoka Ikombe. Nyumba ya shangazi iko karibu na maji. Mzee Ambakisye alishuka mwenyewe, akakataa mkono wa mjukuu wa shangazi, akaingia ndani akitembea wima. Mimi nilizunguka jikoni, kama inavyonipasa. Ukuta ni mwembamba.

"Ambakisye. Umekuja kwa miguu yako?"

"Nimekuja, dada."

"Nilidhani watakuleta umebebwa, nikawa nalia mara mbili, kwa ajili yangu na yako."

Mchana ule wote mzee alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko. Kwa mgongo wa asubuhi asingeweza kukaa pale hata dakika tano.

Siku ya pili jioni shangazi aliniita. Nilisimama mlangoni macho chini, kwa kuwa baba mkwe alikuwemo.

"Ingia, mkamwana, sitaki kupiga kelele," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuwa ya kubishiwa. "Subilaga amenisimulia ya barabarani. Yeye anabaki hapa kuninywesha dawa. Kesho mnarudi wawili. Ambakisye, kiuno kikiuma utamwambia nani? Utakiambia kioo?"

Mzee alikivuta kigoda karibu na kitanda.

"Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Sasa nakuambia, utakaa mbele, utazungumza na huyu mtoto. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Ndaga fijo, mwanangu," aliniambia mimi, na akafumba macho kwa uchovu. Nilitoka nje nikatembea ufukweni peke yangu, kwa sababu shukrani hiyo ilinizidi.

Siku ya tatu asubuhi waliagana kwa sala. Hakuna aliyemwambia mwenzake watakutana tena. Subilaga alimpangia baba yake kiti cha mbele kwa mikono yake, na safari hii hakukosea kitufe hata kimoja, kisha akasimama barabarani akitupungia mpaka tukapinda kona.

Nilishika usukani kama siku ya mtihani wa leseni, kwa maana baba mkwe alikuwa karibu nami kuliko alivyowahi kuwa, na sikujua niyaweke wapi macho. Mashamba ya mpunga yalipoanza, aliongea akitazama mbele.

"Mama Lugano."

Lugano ni mwanangu, lakini sikuwahi kumsikia mzee akiniita kwa jina lake. "Abee, baba."

"Hapa kiunoni, imejaa mno. Ipungue kidogo."

Nilisimamisha gari. Nilinyoosha mkono nikakifikia kitufe, nikaitoa hewa kidogo kidogo, nikauliza kama inatosha. Alisema inatosha. Baadaye akauliza kama mgongo wangu mwenyewe huniuma kwa kazi hii, nikamwambia uliniuma sana zamani. "Hukutuambia," alisema. Nikajibu kwamba sikujua nimwambie nani. Alitikisa kichwa polepole, na tulizungumza mpaka Mbugani.

Nilirudisha gari kwa mwajiri likiwa safi. Nilichojifunza si kwamba mila yetu ni mbaya. Mzee bado hali nami meza moja, na mimi bado namwamkia nikiwa nimechuchumaa. Nimejifunza kwamba maumivu ya mtu hayaonekani kwenye ngozi nzuri ya kiti, na kwamba anayejua namna ya kuyapunguza akanyamaza, heshima yake haimsaidii mgonjwa kitu.

Majuma matatu baadaye, asubuhi, simu yangu iliita. Nilipoona ni namba ya Mbugani nilidhani Subilaga amerudi. Alikuwa mzee mwenyewe.

"Mama Lugano, dada amepumzika. Tunazika kesho."

Nililia, naye akaningoja nilie. Nilipoweza kusema nilimweleza kwamba gari lile kubwa limekodiwa, nimebaki na gari langu dogo, bovu bovu, kiti chake hakina hata kitufe kimoja.

"Njoo na hilohilo," alisema. "Kiti utanipangia wewe."